Mama, Ndama Aende kwa Nani?

Mama,

Ulifariki mwezi wa pili mwaka jana, mahindi yakiwa magotini, na nyumba ikapoteza vitu viwili kwa mpigo: wewe, na habari. Wewe nilijua nitakulilia. Habari sikujua kama ni kitu cha kupotea.

Shikamoo. Nimeanza na msiba kabla ya salamu, najua ungenigombeza. Lakini nina lawama na wewe, na lawama yenyewe ni ya ng'ombe.

Ng'ombe sita katika miji sita, Mama, kila boma umelikopesha mmoja wamtunze na kunywa maziwa! Mmoja kule juu kwa Mama Paskalina, mwingine Balangdalalu kwa Mzee Gidamis, wengine wametapakaa bondeni. Nilikuambia mara ngapi? Mimi nilianza na debe moja la mahindi, leo nina mashine ya kusaga. Hesabu naijua. Ng'ombe sita kwenye banda moja ni maziwa ya kuuza kila asubuhi. Ng'ombe sita kwa watu ni maziwa ya watu. Wewe ulicheka tu, ukafunga kanga, ukachukua fimbo, ukaenda "kumwangalia ng'ombe." Jioni unarudi umeshiba na habari zimekujaa mdomoni: nani kajifungua, nani hasemi na mkwewe, mbuzi wa nani kala maharage ya nani. Mimi napiga hesabu za dizeli, naitikia "eeh, eeh."

Wenzako wa rika lako walitangulia wote, hata wale waliokuwa wakiletewa uji kitandani. Wewe ulivuka tisini bado unapanda mlima. Nesi wa zahanati akakuuliza, "Bibi, kwani wewe unakula nini?" Ukamjibu, "Nakula kwa watu." Zahanati nzima ikacheka. Mimi nikaona aibu, nikajua watasema nakunyima chakula.

Tulipokuzika, presha yangu ikapanda. Nesi yule yule akanitolea macho: "Dada, sitaki kuja kwenye msiba mwingine kwenu kabla ya mavuno." Nikameza vidonge, nikaendelea kusaga. Na nikajenga banda, bati jipya, sakafu ya saruji. Nikakodi gari kwenda kukusanya ng'ombe wako, nikaanza na wa Mzee Gidamis kwa kuwa ndiye wa mbali. Nilitaka niwe nimerudi kabla ya mchana.

Hakunikatalia. Angenikatalia ningefurahi, maana njia nzima nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alinipa kigoda, akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasema, "Ng'ombe alikuwa wa mama yako, sasa ni wako. Toa habari kwanza, halafu umchukue." Nikasema za nyumbani nzuri. Akaniuliza mguu wa Mama Paskalina unaendeleaje. Sikujua kama ana mguu unaouma. Akauliza mjukuu wake kama alifaulu. Sikujua. Akauliza, "Na yule mkaidi Bura, tangu amzike mkewe, anatoka nje?" Mama, Bura tunapakana ukuta. Sikujua.

Mzee akanitazama, akawatazama wake zake, akauliza taratibu kabisa: "Binti, kwani wewe unaishi wapi?"

Wanawake wale walicheka mpaka mmoja akamwaga maziwa. Hata dereva alicheka, na gari nimelikodi mimi! Tulirudi nalo tupu.

Unanijua, mimi si mtu wa kushindwa mtihani. Nikasema kama ng'ombe anatolewa kwa habari, habari nitazitafuta kama nilivyoitafuta mashine. Jumapili baada ya ibada nikapanda kwa Mama Paskalina. Mguu kweli umevimba. Nilienda kukaa kidogo tu, nikaondoka jua linazama, nimeshiba makande, nimebebeshwa salamu za kufikisha mji wa pili. Mji wa pili nao wakanipa za mji wa tatu. Na kila mahali wana neno lako, kila mahali kuna kigoda wanachokiita cha kwako. Kwenye mji mmoja nilikikalia na machozi yakaanza. Hakuna aliyeniambia nyamaza. Walinishika tu mkono. Unajua tangu tukuzike sikuwa nimelia? Nilikuwa nasaga.

Niliporudi Balangdalalu nilizimwaga habari kama redio, mpaka Mzee Gidamis akasema, "Pumzika, binti, unywe maziwa." Nikanywa. Nikasimama kumchukua ng'ombe. Akasema ana mimba kubwa, hawezi kupandishwa gari. "Ungekuja mapema," akasema, bila hata kutabasamu. Mjanja yule!

Basi nikangoja azae. Na kumngoja ng'ombe azae, Mama, maana yake ni kwenda kumwangalia.

Mwezi uliopita nesi akanipima presha. Akapima tena. Akadhani kipimo kimeharibika, akajipima mwenyewe. "Umebadilisha dawa?" Hapana, ni zile zile. "Sasa unakula nini?" Nakuapia, jibu lilitoka lenyewe kabla sijafikiri: "Nakula kwa watu." Zahanati nzima ikacheka, na safari hii nikacheka nao mpaka mbavu zikauma. Vidonge kasema nisiache. Siachi.

Ng'ombe alizaa jike, mweusi mwenye paji jeupe, na sasa ameshaachishwa ziwa. Hapo ndipo uliponiacha njia panda.

Bura amekonda. Mlango wake haufunguliwi. Chakula anacho, watoto wanamtumia pesa kwenye simu. Mtu wa kumuuliza kaamkaje ndiye hana. Mimi namtaka awe mji wa saba. Lakini wewe uliapa mbele ya watu, mbuzi wake walipomaliza maharage yako, kwamba hatagusa hata mkia wa ng'ombe wako, uwe hai au uwe kaburini. Juzi nilimgusia juu ya ukuta. Akasema, "Mama yako atafufuka aje anichape na ile fimbo." Akacheka, Mama. Tangu msiba wa mkewe sikuwahi kumsikia hata akikohoa.

Banda ni tupu, na nimelifagia. Jumamosi ni misa yako ya mwaka, na miji yote sita inakuja, ndimo watakamokula. Nakuahidi ng'ombe wako hawatalala humo. Watabaki kwa watu, nami nitawaangalia. Fimbo yako ninayo, na njia zako nazifahamu. Lala vizuri, mama yangu. Nakukumbuka zaidi jioni, saa zile za habari. Siku hizi nazitoa mwenyewe, peke yangu jikoni, kwa sauti. Natumaini unasikia.

Lakini kiapo kuhusu Bura ni chako, mimi siwezi kukifuta. Njoo ndotoni, na usije kwa mafumbo, wala usinichekee tu ukafunga kanga ukaondoka. Misa ni saa nne asubuhi, na Mzee Gidamis atakuwa getini na kamba ya ndama mkononi, ananingoja mimi nitaje mji. Nataka jibu kabla ya hapo. Aende kwa Bura, ndiyo au hapana?