Mume Wangu Anacheka na Wenzake, Nyumbani Ananuna

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamvalia njuga mgonjwa wangu mwenyewe. Mimi ni mshonaji, mume wangu ni kinyozi, na kabla ya kupatwa na kiharusi alikuwa na mdomo ambao wateja waliufuata kuliko hata wembe wake, sasa mkono wa kulia umelegea na maneno yanamkwama, basi nikafunika cherehani nikawa namwogesha, namlisha, namfunga vifungo vya shati, na maneno pia namsaidia, akisema "naomba ch..." nimeshaleta chai, chumvi na chanuo achague mwenyewe, lakini yeye hununa tu akautazama ukuta. Ndipo muuguzi wa kliniki akamwelekeza kwenye kikundi cha waliopatwa na kiharusi, wanakutana Jumamosi ukumbini nyuma ya kliniki, na tangu hapo anarudi uso umenawiri kama bwana harusi, tena kuna mama mmoja huko, mwalimu mstaafu, anampigia simu wanacheka hadi machozi, nikamwambia wifi yangu, "Kaka yako ana mtu," akanicheka na yeye. Jumamosi iliyopita nikamfuata, nikachungulia dirishani, nikamwona amesimama na mkongojo mbele ya watu akisema, "Mke wangu ni... ni...", na wote kimya wanamsubiri, hakuna hata mmoja aliyemtajia neno, nikajua nasengenywa, nikakimbia nyumbani nikilia. Mshauri, mzigo nibebe mimi, vicheko wapewe wengine? Nimkataze kwenda?

Mke wa Kinyozi

*

Mke wa Kinyozi, pole sana, kumuuguza mtu mzima si lelemama. Sasa kaa kitako nikuseme. Mtu anahangaika kuitafuta sentensi, nawe unatimua mbio kabla hajaimaliza! Hata dirishani umeshindwa kumsubiri! Hujui kama alitaka kusema wewe ni kero au ni nguzo yake, ila hukumu umeshatoa.

Huyo mwalimu si mke mwenza. Kama yuko kwenye kikundi hicho, bila shaka naye maneno yanamponyoka, ndiyo maana mumeo akikwama mbele yake haoni haya. Wale yamewakuta, wewe, kwa mapenzi yako yote, hayajakukuta, na mapenzi hayohayo ndiyo yanayomziba mdomo kwa chumvi na chanuo. Ukimkatazia kikundi, umemnyang'anya dawa.

Jumamosi hii mpeleke mwenyewe. Ingia ndani, msalimie mwalimu kwa heshima zake, kaa, halafu ujiume ulimi mpaka mumeo afike mwisho wa sentensi. Nyumbani vifungo ajaribu mwenyewe, hata shati likikaa upande. Na cherehani ifunue, mama, haijaugua.

Tena usijifanye chuma, umechoka. Muulize muuguzi kama wanaouguza wenzao nao wana kikundi. Kama hawana, waite wake na waume wanaowasindikiza wagonjwa hapo ukumbini, mkae kivyenu. Siku hiyo mwachie wifi yako kaka yake, nawe nenda ukawasengenye wagonjwa wenu mpaka mbavu ziume.