Karafuu kwa Kipimo cha Pua

Jumatatu, 2 Machi 2026

Mwanangu Afiya anatengeneza chokoleti. Niandike hivyo kwanza, maana hapa Mambrui wako wanaosema anapika dawa. Chokoleti nyeusi, haina maziwa, sukari kidogo tu. Kakao yatoka Tanzania, viungo vyatoka kabatini mwangu. Sebule imekuwa kiwanda — kochi liko uani, mahali pake pana mashine na freji mbili. Sijali. Kochi halina akili, mwanangu anayo.

Alhamisi inaonjwa Kilifi. Kuna hoteli inatafuta chokoleti ya kuwawekea wageni. Wakiikubali, Afiya atabaki hapa na kazi yake. Wakiikataa, Jumapili kaka yangu Abdillahi anakuja kumchukua ampeleke Mariakani, Jumatatu aanze ukarani kwenye kiwanda cha maziwa. Wameshaahidiana, mtu na mjomba wake. Mimi sikuulizwa. Nimzae mimi, nimsomeshe mimi niliyeishia darasa la saba, halafu akapange pakiti za maziwa ya watu!

Jumanne, 3 Machi

Afiya ana homa na mafua, leo hakufunga. Pua imeziba. Akionja chokoleti anasema kama anatafuna udongo. Na viungo bado kutiwa. Mimi pua yangu nzima, lakini nimefunga. Basi anayekula hasikii ladha, na anayesikia hali.

Alitaka kuwapigia simu Kilifi aombe siku nyingine. Nikamwambia, mwanangu, umekula futari yangu miaka yote hii, ni siku gani chumvi ilizidi? Sisi hapa twakoleza mwezi mzima wa mfungo bila kumeza. Wako wanaogusa kwa ncha ya ulimi wakatema, na hilo halina ubaya. Mimi hata hilo silitaki. Mvuke ukinipiga usoni najua chumvi, najua ndimu, najua kama tui ni la kwanza au la pili.

Akauliza, na chokoleti je, Mama? Nikamwambia chokoleti ni nini, si mchuzi mweusi tu.

Iliki nikatia, nikanusa, nikaacha. Karafuu nikatia, nikanusa — kimya. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza tena. Mara ya nne ndipo ikanijibu. Afiya akamimina kwenye vibati vyake, akaweka frejini.

Jumatano, 4 Machi

Jana kaka Abdillahi alifuturu kwetu. Baada ya kuswali nikatoa vipande viwili viwili.

Ya iliki — nilifumba macho. Yaanza na uchungu, halafu iliki yaja polepole kutoka nyuma, kama mgeni mwenye adabu. Mwanangu huyo.

Ya karafuu... ulimi ulilala. Midomo pia. Nikamwita Afiya, sauti ikatoka kama ya mtu aliyeng'olewa jino. Kaka Abdillahi akacheka mpaka chai ikampanda puani. "Dada, hii msiipeleke hotelini, mpelekeeni daktari wa meno." Nikamwambia yeye ulimi wake ulikufa zamani, hata bila karafuu.

Afiya hakucheka. Alinieleza taratibu tu kwamba mafuta ya kakao huificha harufu ndani, hayaitoi nje kama mchuzi. Mimi nilikuwa nangoja mvuke ambao haupo. Na muda wa kutengeneza nyingine haupo vilevile. Nikamwambia tunakwenda nayo. Asiyeweza karafuu akale biskuti.

Alhamisi, 5 Machi

Tumerudi. Niandike yote.

Mpishi mkuu pale ni binti wa Kigiriama, Nelly. Alinipa shikamoo ya kuinama hasa, nikampenda palepale. Watengenezaji watatu: sisi, mmoja wa Watamu, mmoja wa Kilifi kwenyewe. Waonjaji wanne mezani, na maji na mkate mkavu wa kusafishia mdomo. Nelly aliwaambia wavunje kipande sikioni wasikilize kinavyolia, wanuse, waweke ulimini, wasitafune. Chetu kililia ta! Cha Watamu kilijikunja tu.

Sisi tulikuwa wa kwanza. Iliki, wakatazamana. Mzee mmoja akarudia kipande, nilimwona. Halafu karafuu. Mama mmoja machozi yakamtoka. Mzee akajishika shavu. Wakanywa maji, wakala mkate, wakanywa maji tena. Ikaja ya Watamu, wakasema karafuu. Ikaja ya Kilifi, karafuu. Yule kijana wa Watamu akawaka, "Huyu mama amewaua ndimi, sisi tumekuja kufanya nini?" Nikamwambia chokoleti yenye nguvu ingejisemea yenyewe.

Nelly akatuita pembeni. Akasema iliki hajaonja mfano wake. Wale wenzetu wataonjwa upya siku nyingine, kwa haki. Lakini hoteli yataka ladha mbili, na karafuu ile hawezi kumpa mgeni. Ipunguzwe nusu, tuilete Jumatano, yeye mwenyewe aionje.

Nikasema hatupunguzi. Nikasema hii ndiyo Mambrui, anayeitaka aichukue ilivyo. Afiya akanifinya mkono. Nelly akanitazama kwa heshima, akasema, "Jumatano, Mama."

Afiya akamjibu kwamba Jumatano atakuwa kazini Mariakani.

Ijumaa, 6 Machi

Hasemi nami. Mafua yamepona, angeweza kusema. Nimepika mahamri na mbaazi za futari, amekula mawili. Mimi siombi radhi kwa karafuu.

Jumamosi, 7 Machi

Amepanga nguo. Sikumsaidia.

Jumapili, 8 Machi

Saa nane mchana. Kaka Abdillahi amefika, gari liko nje, sanduku liko mlangoni. Afiya akatoka chumbani — sikuona baibui, niliona aproni. Akapita katikati yetu, akaanza kumimina kakao mashineni.

Mjomba wake akasema, "Afiya, mwanangu, saa hizi? Si utamaliza tumeshachelewa?"

Kaka hajui. Mashine ile ikianza kusaga haizimwi siku mbili. Ukiizima, kakao yaganda na mawe yake ya kusagia hayageuki tena. Mimi najua. Kidole cha Afiya kilikuwa juu ya swichi.

Akanigeukia. "Mama, karafuu kiasi gani?"

Angeweza kupima mwenyewe. Aliniuliza mimi.

Nikamwambia nusu. Sikusema nilikosea. Nilisema nusu.

Sasa mashine inanguruma, nyumba yote inatetemeka. Kaka alitoka akapiga honi mara mbili, hakuna aliyekwenda. Amerudi, amesimama mbele yangu, anasema niinuke alichukue sanduku. Nimelikalia, ndipo ninapoandikia. Nimemwambia nimefunga, kaka yangu, sina nguvu za kuinuka.