Kuku Aliyevaa Aproni Yangu

Los Angeles, Novemba 1944

Mwanangu Orpha,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo na mtoto. Kile kikohozi chake kimepoa? Mpake mafuta kifuani umvike soksi, hata akilia. Mimi mwili hauna neno, ila mikono imechubuka kwa maji ya kazini.

Umeniuliza kama kaka yako ameandika. Nitafika huko, mama, nivumilie.

Ile katuni ya kuku imetoka. Ndiyo aliyokuwa akiichora kaka yako Wendell kabla jeshi halijamwita, akinifuata jikoni na penseli: "Mama, hebu nikasirikie tena, ila polepole." Nilidhani ananitania. Jumamosi Bi Thelma, msimamizi wetu wa kazini, alinipeleka sinema. Orpha, yule kuku ni mimi. Aproni yangu, mkono kiunoni, na ninavyopuliza nywele zikiniangukia usoni. Kifaranga wake mtundu anapitiwa na gari la kushindilia barabara, anakuwa bapa. Kuku anambandua, anamkung'uta kama zulia, kifaranga anapiga chafya, mzima, anakimbilia barabarani tena. Watu walicheka. Mwanamume nyuma yangu akapiga kelele, "Huyo mama mkwe wangu kabisa!" Mimi nilikaa tu. Bi Thelma akauliza kama sijapenda. Nikasema nimependa.

Wakubwa wa studio walikuwa wanangoja waone kama watu watacheka. Walipocheka, Jumatatu karatasi zote za katuni hiyo zikaletwa kwenye sinki langu. Kazi yangu unaijua, nafuta rangi kwenye zile karatasi angavu za plastiki ili wachoree katuni nyingine, maana kwa vita hivi mpya hazipatikani. Nikaosha. Nyekundu ya kishungi inatoka kwanza, kisha nyeupe, mwisho wino.

Bi Thelma akaja akanishika bega, akaninong'oneza, "Velda, chukua moja. Moja tu, mimi sijaona kitu." Wenzangu nao wakajifanya wana kazi nyingi.

Nikakwama. Kuku na kifaranga hawachorwi karatasi moja. Kila mmoja ana yake, wanawekwa mmoja juu ya mwenzake ndipo wanaonekana pamoja. Nikichukua ya kuku, mikono imeshika hewa. Nikichukua ya kifaranga, ananing'inia bila mtu.

Sasa kaa chini, mwanangu, mpe mumeo mtoto. Kaka yako hayupo tena. Ameuawa huko Italia. Taarifa ya jeshi ilikuja Ijumaa, Bi Thelma akanisomea palepale kazini, nikamalizia sinki lililobaki. Kwa hiyo Jumamosi nilikuwa najua. Nilikwenda ili niuone mkono wake ukifanya kazi. Kila mara kifaranga alipobanduliwa, nilisubiri chafya.

Sijalia bado. Usinione mbaya. Napika, nakunja nguo, naenda kazini.

Nilimchukua kifaranga. Nimemwegemeza kwenye dirisha la jikoni. Nikipitisha kiganja nyuma yake, anaonekana ameshikwa. Kuku nilimwosha mwenyewe.

Mumeo nampa pole, na mtoto umbusu pale penye kishimo cha shavu, kama cha mjomba wake. Ukiweza kuja, njoo. Safari ikishindikana, usijilaumu. Kula, hata chakula kisiposhuka.

Ni mimi mama yako,
Velda