Treni ya Baba Haitaki Rivasi

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Matanga yameisha, urithi umegawanywa. Wenseslaus, mdogo wangu, kitinda mimba na wa kiume, kapata nyumba, ng'ombe, kihamba chote, hilo shamba la ukoo la migomba, na kahawa yake. Mimi nimepewa treni! Ile ya kuchezea, ya umeme, Baba aliyoachiwa na padri Mjerumani zamani. Hii ndiyo sehemu yako, dada, kasema Wenseslaus. Ukoo mzima ukapiga makofi. Nikasema asante. Mjinga mimi.

Kibanda changu hapa migombani hakikutajwa. Baba alinipa kwa mdomo niliporudi kutoka kwa mume. Maneno ya marehemu hayana shahidi.

Nimeiwasha. Mbele inakwenda. Rivasi haina.

Jumatano, 6 Novemba

Nimesafisha reli kwa spiriti, na magurudumu. Wapi! Baba alikuwa anasukuma kitufe cha transfoma kupita sifuri, ndani inalia tak, treni inageuza. Sasa inanguruma tu halafu inaendelea mbele, mbishi kama wanaume wa ukoo huu.

Nimeshuka nayo Moshi mjini kwa Godbless, fundi redio. Kaifungua. Kumbe kuna kiulimi cha chuma, kinavutwa na springi. Kikiruka upande wa pili ndiyo rivasi. Kimenasa. Mtu kapaka mafuta ya kula, mama, yamekuwa gundi, kasema Godbless. Mtu gani kama si Wenseslaus? Anaharibu kwanza, halafu anakurithisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Siamini. Asubuhi Brenda, mke wa Wenseslaus, kaja na masale. Kayaweka mlangoni. Eti mume wake kasema yakae hapa, Jumamosi atakuja mwenyewe. Chai hakunywa, macho chini. Aibu hiyo!

Isale, mmea huu wa majani marefu — kwetu ukiletewa isale umeombwa msamaha, na kukataa huwezi. Wengine huleta jani moja. Yeye kaleta fungu zima, na vikonyo vyake! Makosa yake anayajua mwenyewe.

Nimelia, potelea mbali. Nilishaapa simsamehe. Nimeyaweka kwenye ndoo ya maji yasinyauke.

Jumamosi, 9 Novemba

Tak! Imegeuza! Nimekisugua kiulimi kwa mafuta ya taa, nikalegeza springi kidogo, nikasukuma kitufe — ikarudi nyuma mpaka mwisho wa reli. Nimecheka peke yangu. Nikabandika chai. Wenseslaus akija nimwonyeshe, tunywe, tuyamalize.

Kaja. Hodi hakupiga. Kachukua ndoo, jembe begani. Nikatoka na treni mkononi. Anachimba mashimo kwa mstari, toka mferejini hadi ukutani kwangu, anachomeka isale moja moja. Masale ya mpaka! Migomba yote upande wake. Mimi nje ya kihamba cha baba yangu.

"Shikamoo dada," kasema, kichwa hajainua. "Mvua imekuja vizuri, yatashika. Asante kwa kuyawekea maji."

Nimeingia ndani, naandika haya. Chai inamwagika jikoni. Jembe nalisikia. Kaita tena, kwa sauti sasa, kama vile sikusikia: shikamoo dada!

Sijaitikia.