Shangazi, Duka la Mama Halitoki

Kyebando,
Kampala.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Akullo,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mgongo wako unaendeleaje? Umepungua kuuma, au Nakuru bado ina baridi ileile? Sisi ni wazima. Mume wangu Komakech bado analinda lango la watu usiku, mchana analala, kwa hiyo baba na mama ni mimi. Mtoto ameota jino la pili na ameamua hakuna atakayelala humu ndani mpaka la tatu litoke. Naandika nikiwa nimemfunga mgongoni, kwa hiyo ukiona mwandiko unaruka, ni yeye.

Nimetumia Kiswahili ili mumeo Bwana Owino naye asome, asije akasema wanawake wa Kiacholi wanamteta. Na nimetumia karatasi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja, wewe umeshasema kumi.

Nilikusikia wiki ile. Kwamba mwenye jengo amekupigia, anataka kubomoa maduka yote ya barabara yetu hapo chini ya kambi ya polisi ya Naguru ajenge akedi, jengo la maduka la ghorofa. Na kwa kuwa tangu mama afariki jina lililobaki kwenye mkataba ni lako, anataka usaini kwamba duka tunamwachia. Ukaniambia, "Anena mwanangu, saini ni kitu kidogo. Ile barabara ilikufa siku sinema ilipofungwa."

Shangazi, nakuheshimu, lakini hapo hapana.

Sinema Nyota ilifungwa, kweli. Leo ni stoo ya magodoro. Lakini mimi nilikaa mapajani mwako mle ndani, benchi la mbele. Namwona Ondiek amesimama kando ya kitambaa na kipaza sauti chake, anatufasiria picha ya Kihindi ambayo yeye mwenyewe haelewi hata neno. "Hapa jamaa anamwambia msichana, nitakuoa, lakini ngoja kwanza nimalize kupiga hawa sita!" Halafu katikati ya kilio cha bibi harusi: "Mke wa Afande Oyat, mtoto wako analia kuliko huyu wa kwenye picha, mtoe nje!" Naye mke wa Oyat bila kugeuka: "Njoo umnyonyeshe wewe!" Ulicheka mpaka ukaniangusha.

Na wakitoka pale watu walikwenda wapi? Walikuja kwetu. Mama Safinah na udi wake mlango wa kushoto, mama na cherehani barazani.

Bango nadhani umelisahau. Mama alimwambia Yasiin wa Kibuli aandike SARE ZA POLISI. Yasiin ni Mganda safi, R na L kwake ni kitu kimoja, akachora SALE ZA POLISI kwa rangi nyekundu. Wanaojua Kizungu wakasoma kwamba polisi wanauza vitu vyao kwa bei ya chini. Wakaja mbio! "Nyabo, viatu viko wapi? Na pikipiki je?" Mama anawajibu pikipiki hakuna, lakini suruali yako imechanika nyuma, kaa hapo nikushonee. Yasiin aliporudi na brashi kurekebisha, mama alimfukuza.

Wajukuu wa wateja hao ndio wananiletea sare za shule mwaka huu. Sasa barabara iliyokufa ni ipi?

Alhamisi wakala wa mwenye jengo alikuja, akasema watanipa nafasi ghorofa ya tatu. Nikamwuliza, "Afande mwenye tumbo atapanda ngazi zote hizo kuja kupimwa kiuno?" Akasema lifti itakuja. Nikamwambia, "Basi itangulie, mimi nitaifuata." Akacheka, kisha akaniangalia hivi na mtoto mgongoni, akasema, "Nyabo, wewe piga kelele tu. Mwenye sauti yuko Nakuru."

Hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli. Mama Safinah amesema yeye hatoki kama sisi hatutoki. Wengine wanatazama mlango wetu. Ukisaini wewe, wote watafungasha.

Nimechoka, Shangazi, sikufichi. Kuna siku nasinzia mguu uko kwenye pedali. Lakini nikichoka nakaa chini, sihami.

Kwa hiyo nakuomba, na ombi hili lichukue kama la mtu mzima mwenzako. Kama jina lako limekulemea, nipe mimi, niandikwe Anena. Na kama ni lazima umsainie yule bwana, usisaini huko Nakuru juu ya meza ya chai. Panda basi uje. Nitakuwekea kiti barazani, kalamu nitakupa mwenyewe, na utasaini mbele yangu watu wakiona. Mimi nitakuwa nashona. Sitasimamisha cherehani.

Nisalimie Bwana Owino, umwambie nimemsamehe kusoma barua za watu. Msalimie Nakhisa, gauni lake la kipaimara nimeshalikata, asinenepe. Bibi Abalo anakusalimu, na Mama Safinah pia.

Mungu akuponye mgongo, na mkono wako wa kulia akuzuilie.

Mwanao akupendaye hata akikukatalia,

Anena