Nyumba Chini ya Saruji ya Babu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Skuli imefungwa! Nililala mpaka saa mbili na nusu. Kisha kaka Sami akaja na habari zake: nyumba yetu ya mtaa wa Kuze itavunjwa. Lini? Jumatatu ijayo! Mkandarasi ashapatikana, pajengwe ghorofa sita na lifti. Lifti, Kuze!
Nikamwambia hii ni nyumba ya kale. Akanyoosha kidole juu ya mlango, pale babu alipoandika kwa saruji: 1954. Kale gani, akasema, marehemu Mama aliizidi miaka minne.
Nilikula mahamri saba kwa hasira. Na Mama Mkubwa Alawiya hajui kitu – Sami amemwambia ni ukarabati tu. Miaka themanini na tatu, kazaliwa humu humu.

Jumatano, 6 Agosti
Naandika na chokaa bado vidoleni!
Sami alimleta fundi Kahindi apime kuta kabla ya kuvunja, akaenda zake kazini, bandarini Kilindini. Kahindi akagonga ukuta wa chumba cha nyuma. Akagonga tena. Akaweka sikio.
"Mwalimu Swafia, huu ukuta waongopa."
"Waongopa vipi?"
"Nje saruji. Ndani kuna kitu chengine."
Nikamwambia toboa. Saruji ilikuwa nene kama kidole gumba. Nyuma yake chokaa, nyeupe, laini kama siagi. Na kwenye chokaa – zidaka! Safu tatu, vijishimo vya kuwekea vyombo, kila kimoja na nakshi ya maua pembeni. Nilipiga ukelele, jirani akaja na ufagio akidhani ni nyoka.
Babu hakuchonga maua hayo. Babu alikuwa karani!

Alhamisi, 7 Agosti
Sikumwambia Sami. Nimepima nyumba nzima, kwa kamba ya nguo na kwa hatua.
Kahindi anaisoma kama msahafu. Chini: mawe ya matumbawe, boriti nyeusi, fupi. Juu: mbao ndefu za msumeno. Maana yake juu paliongezwa baadaye. Yaani nyumba mbili, moja imeibeba nyenziwe mabegani!
Halafu hili. Ubavuni, kwa nje, hatua kumi na nne. Kwa ndani, kumi na moja. Nimerudia mara tano. Hatua tatu zimekwenda wapi?
Kahindi acheka. Asema kesho ni Ijumaa, tungoje Jumamosi. Ningoje vipi mimi?

Jumamosi, 9 Agosti
Choo! Choo cha wafalme!
Kando ya zidaka, chini ya saruji, kulikuwa na mlango uliozibwa. Kahindi akatoa mawe moja moja. Chumba kidogo, baridi, na ndani yake birika la kuogea lililojengwa kwa mawe. Chini ya birika imepachikwa sahani ya Kichina, ya buluu, nzima! Nikaingia ndani na viatu vyangu nikaketi humo nikicheka kama mwehu.
Tukamleta Mama Mkubwa. Alisimama mlangoni, akainama kuitazama sahani. Kisha: "Samaki wangu walikuwa hapo."
Samaki? Ndio, wadogo, wa kula mabuu ya mbu. Maji yakipungua walikuwa wakijibanza kwenye sahani. Alikuwa akiwapa majina.
"Lakini babu si ndiye aliyejenga?"
"Babu yenu aliingia humu na sanduku moja! Nyumba ni ya mamangu, Mwanaesha. Babake alimpa siku ya harusi, kama alivyopewa mamake. Maji ya bomba yalipofika mtaani, babu yenu akaona haya kuwa na nyumba ya kizamani. Akaziba, akapiga saruji, akaandika mwaka wake, na mimi nishatimia miaka kumi na miwili. Mamangu alinuna mwezi mzima."
"Mbona hukutwambia, Mama?"
"Nani aliniuliza? Nyinyi mwaniuliza pilau tu."
Nikamwambia yote kuhusu Jumatatu. Hakulia. Aliomba kiti.

Jumatatu, 11 Agosti
Naandika nimesimama, kwenye ngazi.
Sami amefika saa tatu, kavaa kofia ya ujenzi, mpya, bado ina karatasi ya bei. Mama Mkubwa kaketi kando ya birika tangu alfajiri, kavaa leso yake mpya, na chai kwenye chupa. "Karibu, mwanangu. Vua viatu, hapa ni pa kuogea."
Akavua! Nilidhani atapiga kelele. Alianza – mkataba, Mama, nimeshatia sahihi, watu wako njiani. Mama Mkubwa akamjibu kwa upole kwamba mtu havunji nyumba ya bibi yake kwa sababu ya maandishi ya babu yake. Sami akainama. Akatazama sahani.
"Maji yaliingilia wapi?" akauliza.
Kahindi akamwonyesha mfereji mwembamba ukutani, umejaa vumbi. Sami akapiga magoti. Suruali ya kazi! Akaufuata kwa kidole, sentimita kwa sentimita, kama alivyokuwa akijifunza alifu-be-te utotoni.
"Unapinda hapa! Kahindi, waona? Waenda kwenye kisima cha uani! Swafia, niletee tochi!"
Tochi nishapata. Lakini simu yake alinipa nimshikie, na sasa yalia mkononi mwangu. Ni mkandarasi. Mara ya nne. Lori lake nalisikia pale kona, limeshindwa kuingia uchochoroni, lapiga honi.
"Tochi, Swafia! Na patasi ndogo! Ndogo, isije ikavunja!"