Kikao cha Kujadili Kuimba kwa Bi. Mwanatabu

CHAMA CHA NGOMA CHA WANAWAKE, KISAUNI
Jumanne, 12 Septemba 1961, saa kumi alasiri, nyumbani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Bi. Kuluthum (Mwenyekiti), Bi. Mastura (Katibu), Bi. Zubeida, Bi. Margaret Jefwa, Bi. Mwanatabu.
Asiyehudhuria: Bi. Kafedha, anauguza.

KUMB. NA. 1/9/61: KUFUNGUA
Ilisomwa Fatiha. Kumbukumbu zilizopita hazikusomwa. Mwenyekiti alisema ana jambo moja tu.

KUMB. NA. 2/9/61: UBETI WA BI. MWANATABU
Bi. Margaret, mhudumu wa zahanati, alikumbusha kwamba Bi. Mwanatabu alifiwa na bintiye Ruwaida, wa miaka miwili, kwa homa, mwezi wa Ramadhani. Tangu hapo akawa hasemi, haogi, halali. Bi. Margaret alimleta mazoezini mwezi wa Juni. Kwanza alishika tari tu, kisha akaitikia, kisha akatunga. Sasa anakula na analala.

Mwenyekiti alisema hayo anayajua, kwani Bi. Mwanatabu ni mke wa mwanawe, Yeslam. Kosa ni ubeti alioimba arusini Mishomoroni Jumapili. Katibu aliamriwa ausome:

Nalisema ana moto, mwanangu wa kifuani,
Ukanambia si joto, ngoja nitoke dukani.

Mwenyekiti alisema mji mzima wajua mwenye duka ni nani.

Bi. Mwanatabu alijibu: "Mama, wallahi sikumtaja mtu. Nikiuimba ndipo napata usingizi."

Mwenyekiti: "Imba za wenzio."

Bi. Mwanatabu: "Za wenzangu hazimjui Ruwaida."

Bi. Margaret aliuliza kama homa nayo ilingoja duka lifungwe. Mwenyekiti alisema mambo ya nyumba hii hayamhusu mtu wa kuja. Bi. Margaret alieleza kwamba amezaliwa Kisauni.

AZIMIO: Bi. Mwanatabu asiimbe tena. Apige tari pekee. Bi. Zubeida, mpangaji wa Mwenyekiti, alikubali. Katibu alikubali. Bi. Margaret alikataa. Bi. Mwanatabu hakuulizwa kura yake.

Bi. Mwanatabu aliondoka bila kuaga. Mwenyekiti alisema atazoea.

KUMB. NA. 3/9/61: KUFUNGA
Mwenyekiti aliagiza ubeti ufutwe daftarini. Katibu alieleza kwamba umeandikwa kwa wino.

Bi. Margaret alijitoa chamani. Kabla ya kutoka alimtaka Katibu aandike kwamba yeye Katibu naye alinyanyua mkono kuunga azimio, hali akijua kuimba ndiko kunakompa Bi. Mwanatabu usingizi. Imeandikwa.

Kikao kilivunjika saa kumi na moja na nusu, bila dua.

Mwenyekiti: (amekataa kutia saini)
Katibu: Mastura bint Mbwana